Jua la Tarehe Kumi na Nne

Alhamisi, 14 Machi

Sijamwambia mtu yeyote: leo nimechora jua ambalo sikuliona.

Naandika humu kwa sababu daftari halina mdomo. Mwalimu wa fizikia alinipa mwaka jana kama zawadi ya kuwa wa pili darasani (wa kwanza alipata kamusi), na mpaka leo lilikuwa tupu kwa kuwa sikuwa na jambo la kuficha.

Mambo yalikuwa hivi. Shangazi yangu, dada mkubwa wa Baba, huchora jua kila siku. Amefanya hivyo miaka thelathini na mmoja, tangu alipokuwa mchora ramani katika ofisi ya upimaji ardhi. Nyuma ya nyumba yetu kuna kibanda cha mabati ambacho paa lake lina magurudumu, nayo magurudumu yenyewe yalitolewa kwenye geti bovu. Ukilisukuma paa, linakwenda kando, na darubini inabaki chini ya anga. Hatuchungulii ndani ya darubini hata siku moja, maana jua lingetupofusha. Tunaliacha lipite kwenye lenzi lianguke juu ya karatasi nyeupe. Linakuwa duara la ukubwa wa kisahani, na madoa ya jua yanaonekana humo kama punje nyeusi za ufuta. Mtu anayafuata kwa penseli.

Mkono wa Shangazi ulipoanza kutetemeka, Mei mwaka jana, mimi nikawa mkono wake. Mimi nachora, yeye anahakiki, na kila karatasi ina saini mbili. Siku ya mawingu tunaandika "Mawingu" ndani ya duara tupu na kusaini vilevile.

Leo Mama alimpeleka kliniki ya macho. "Ukitoka shule saa kumi, jua likitokeza, chora," Shangazi aliniagiza. "Lisipotokeza, andika mawingu. Usilibembeleze."

Nilipofika nyumbani mvua ilikuwa inapiga bati kiasi cha kutosikia mawazo yangu. Nikaingia stoo na kitabu cha hadithi ambacho natakiwa kukirudisha maktaba kesho. Nilikuwa nimebakiza kurasa sitini. Nilipoinua kichwa, mvua ilikuwa imekwisha zamani. Ua ulikuwa unafuka mvuke, na nguo kwenye kamba zilikuwa zimekauka upande mmoja. Jua lilitoka, likakaa, likaondoka, nami sina habari. Nilisukuma paa kwa nguvu hadi nikachubuka kiganja, lakini wingu lilikuwa limeshafunga.

Ningeandika "Mawingu". Lakini zile nguo zingenisuta.

Basi nikachukua karatasi ya jana. Jua linazunguka, na madoa yake yanasogea digrii kumi na tatu hivi kwa siku. Nikapima kwa rula na bikari, nikayasogeza. Makundi mawili, madoa saba. Ulikuwa mchoro mzuri, na kitu kibaya zaidi ni kwamba niliufurahia.

Walirudi magharibi. Shangazi alikuwa amevaa miwani myeusi ya Mama, kwa kuwa daktari alimtia matone na hakuona hata ngazi.

"Nina mtoto wa jicho," alisema akiketi. "Nilidhani mambo ya uzazi yameshanipita."

"Wifi, si jambo la mzaha," Mama akamwambia.

"Wawili, wifi. Mapacha. Wewe, jua lilitoka?"

"Lilitoka kidogo," nikasema. Hilo lilikuwa kweli.

"Nisomee."

"Makundi mawili. Madoa saba."

"Leta kalamu."

Akasaini nje kabisa ya mstari, karibu na ukingo wa karatasi. Ameniambia mara mia kwamba asiyeona hasaini.

Ijumaa, 15 Machi

Mawingu. Nimerudisha kitabu. Zile kurasa sitini sikuzimaliza.

Jumamosi, 16 Machi

Mawingu. Shangazi anaona tena, kadiri anavyoona siku hizi. Alitazama karatasi ya juzi kwa kitambo akasema, "Mkono wako unakua." Nikaenda kuteka maji ingawa pipa lilikuwa limejaa.

Jumapili, 17 Machi

Mvua kutwa. Bati la kibanda linavuja juu ya kiti cha Shangazi. Anasema ni afadhali livuje juu yake kuliko juu ya darubini, kwa kuwa yeye hakuagizwa kutoka ng'ambo.

Jumatatu, 18 Machi

Leo jua limetoka, na lina kitu.

Nilisukuma paa, Shangazi akaelekeza darubini, na duara lilipotulia juu ya karatasi sote tukaliinamia. Karibu na katikati palikuwa na kundi ambalo sijapata kuona mfano wake: madoa mawili makubwa yenye ukingo wa kijivu, na kati yao vidoa vingi kama makombo mezani. Niliyahesabu mara tatu. Ishirini na tatu.

"Huyu katoka wapi?" Shangazi akauliza. Alichukua karatasi ya tarehe kumi na nne, akaiweka kando ya duara. "Alhamisi hakuwepo. Leo yupo, tena mzima, ana ndevu. Kazaliwa na kukua ndani ya siku nne."

"Inawezekana, Shangazi?"

"Inawezekana. Ila si kila siku." Alikuwa anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, kama afanyavyo anapomfunga Mama katika karata. "Chora taratibu. Usiyapambe."

Nilichora taratibu. Nilikuwa nawaza hesabu. Kama sasa lipo katikati, basi siku nne zilizopita lilikuwa upande wa mashariki, mbali na ukingo, mahali ambapo lingeonekana bila shida. Kama lilikuwepo.

Jumatano, 20 Machi

Jua robo saa. Kereng'ende alipita mbele ya darubini, kivuli chake kikakatiza duara zima kwa mara moja. Shangazi akasema, "Huyo usimchore."

Ijumaa, 22 Machi

Kundi linakaribia ukingo wa magharibi, nami nimeona jambo ambalo nilikuwa nalisoma tu: kadiri doa linavyokwenda pembeni ndivyo linavyokuwa jembamba, kwa sababu tunaliona kwa ubavu. Ni kama kibandiko kwenye chungwa ukiligeuza. Nimeijua sentensi "jua ni mviringo" tangu darasa la tatu. Leo nimeuona mviringo wenyewe.

Nikamuuliza Shangazi madoa huenda wapi yakishapita ukingo. "Nyuma," akasema. "Mengine hufia huko. Mengine hurudi baada ya wiki mbili. Hatujui mpaka yarudi."

"Na vile vyombo vya angani? Si vinayaona?"

"Vinapiga picha kila dakika. Sasa wewe ukiwa na picha ya mtu, huendi tena kumsalimia?"

Jumatatu, 25 Machi

Leo nimemwomba mwalimu wa fizikia anifungulie kompyuta ya ofisini. Nilikaa nimenyoosha mkono mpaka akaniuliza kama nataka kwenda chooni.

Picha za jua zipo kwa tarehe. Nikatafuta kumi na nne.

Lilikuwepo. Lile kundi lilikuwepo, kubwa, pale pale hesabu zangu zilipoliweka. Halikuzaliwa ndani ya siku nne. Nilikuwa stoo nasoma.

Mwalimu aliinama nyuma yangu. "Ahaa, lile kubwa. Nyinyi mlilipata?"

"Tulilipata," nikasema. Nilitamani kiti kinimeze.

Jumapili, 31 Machi

Mwisho wa mwezi. Mama amepiga picha karatasi zote kwa simu yake na kumtumia Mhesabu. Ndivyo Shangazi anavyomwita mzee anayekusanya hesabu za madoa kutoka kwa wachoraji tisa walio mbali mbali. Hawajawahi kuonana. Wanatumiana sauti, na kila mmoja humtuhumu mwenzake kuwa mzee zaidi.

Nilishika kona ya kila karatasi ili isikunjike, hata ile.

Jumanne, 2 Aprili

Mawingu. Sijasema.

Alhamisi, 4 Aprili

Mawingu. Sijasema. Nimeazima kitabu kingine, nimekisoma uani mahali ambapo ninaona anga.

Jumamosi, 6 Aprili

Ujumbe wa Mhesabu umekuja. Shangazi huweka sauti ya juu kabisa, kwa hiyo nyumba nzima husikia. Nyuma ya sauti ya Mhesabu mbuzi alikuwa analia.

"Dada yangu, shikamoo, ingawa mkubwa ni wewe kwa mwezi mmoja tu. Nina neno kuhusu karatasi ya tarehe kumi na nne. Wenzako watatu walipata jua siku ile, na wote wana makundi matatu. La tatu ni kama kifungo cha koti. Wewe una mawili. Hilo hata kipofu... Nisamehe, sikukusudia. Niambie kuna nini."

Nilikuwa mlangoni na kikombe cha chai ya Shangazi. Nilitegemea aniite. Hakuniita. Alibonyeza simu akaileta karibu na mdomo, kama mtu anayetaka kuing'ata.

"Ni macho," akasema. "Daktari kaona mtoto wa jicho, yote mawili. Aliyehakiki ni mimi, kosa ni langu. Usimguse mtoto."

Jibu lilirudi kabla chai haijapoa.

"Pole sana, Dada. Yameanza lini?"

Shangazi alitazama dirisha. "Weka Mei mwaka jana."

Safari hii Mhesabu alikawia. Mbuzi alikuwa amenyamaza. "Basi kanuni unaijua, uliiandika mwenyewe. Macho yakitiliwa shaka, karatasi zote za tangu hapo zinatolewa. Nafunga hesabu ya mwaka tarehe thelathini. Nitaacha kukusumbua kwa sasa."

Tangu Mei mwaka jana ni karatasi zangu. Nimekwenda kuzihesabu kwenye kabati: siku za jua ni mia mbili na kumi na nne. Mia mbili na kumi na tatu ni za kweli.

Jumapili, 7 Aprili

Sikulala vizuri. Siku zote nilimwona Shangazi kama rula ya chuma. Mtu akikosea hesabu mezani humsahihisha kabla ya kumeza. Na jana amedanganya mbele yangu, mchana kweupe, bila hata kikohozi. Amedanganya kwa ajili yangu, nami siwezi kumshukuru bila kusema nimeshukuru nini.

Jumanne, 9 Aprili

Limerudi. Pembeni kabisa mwa mashariki kuna uzi mweusi, mwembamba kama unyoya wa nyusi. Nililiona kwanza mimi.

"Shangazi, ni lenyewe?"

Aliinama hadi pua ikakaribia karatasi. "Uzi nauona, ila kwa ukungu. Wewe unaona nini?"

"Doa moja. Na weupe kuzunguka."

"Basi ni lenyewe, na limechoka." Akasaini. Halafu akasema, kwa sauti ya kuagiza sukari, kwamba fundi seremala atakuja mwisho wa mwezi kutazama kibanda. Mama anataka banda la kuku.

"Na darubini?"

"Shule yenu haina."

Jumatano, 10 Aprili

Mawingu. Sijasema.

Ijumaa, 12 Aprili

Fundi amekuja mapema, anasema huku ndiko alikokuwa anapita. Amezunguka kibanda mara mbili akigonga mbao.

"Haya magurudumu nitayachukua mimi," akasema. "Kuku hawahitaji paa la kutembea."

"Kuku wa nyumba hii huwezi kuwajua," Shangazi akamjibu, lakini hakucheka. Baadaye nilimkuta ndani amekaa kwenye kiti kile kinachovujiwa, paa likiwa limefungwa, anapangusa lenzi ambayo alikwisha kuipangusa asubuhi. Ameifungua darubini nzima wiki hii. Anatafuta kasoro. Anaamini mimi nilitazama na sikuona, na kwamba kuna kitu ndani ya kile chombo kilichonificha kundi lile.

Hilo ndilo lililonimaliza. Anamshuku kila mtu na kila kitu isipokuwa mimi.

Jumapili, 14 Aprili

Nitajaribu kuandika yote kwa mpangilio.

Saa tatu asubuhi mbingu zilikuwa safi, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Shangazi hakutaka kusubiri jioni. Nilisukuma paa. Kundi lilikuwa limefika tena karibu na katikati, doa moja lililobaki na vidoa viwili kama vifaranga. Nilishika penseli, na mkono ukaanza kunitetemeka.

"Sasa na wewe?" akasema Shangazi. "Tutafute wa tatu?"

Nikasema, "Tarehe kumi na nne sikuliona jua."

"Najua hukuliona lile kundi. Ni lenzi, au..."

"Sikuliona jua lenyewe, Shangazi. Nilikuwa stoo nasoma kitabu. Jua lilitoka likaondoka. Nikachukua karatasi ya tarehe kumi na tatu nikasogeza madoa kwa rula."

Duara la jua lilikuwa linahama polepole kwenye karatasi, kama linavyofanya mtu asipogusa darubini, kwa kuwa dunia nayo haimsubiri mtu. Lilifika ukingo wa ubao unaoshika karatasi, likaanza kumwagika chini.

"Kitabu gani?" akauliza hatimaye.

Nikamtajia.

"Kizuri?"

"Kilikuwa kizuri mpaka pale."

Akashusha pumzi kwa pua. "Digrii ngapi ulisogeza?"

"Kumi na tatu na kidogo."

"Sawasawa," akasema, kisha nadhani akayasikia aliyoyasema, maana alinyanyuka ghafla akapiga ubao kwa kiganja. Penseli zikaruka. "Sawasawa kabisa! Umefanya hesabu ambayo wenzako wa darasa hawaiwezi, na umeifanya ili kuniletea uongo. Mimi nimefungua darubini mara tatu. Nimeilaumu lenzi. Nimekwenda kwa fundi simu nikamuuliza kama picha hupoteza madoa, akanicheka."

Nilianza kulia. Aliniacha nilie. Hakunipa leso wala hakunikaripia tena. Alirudisha duara mahali pake, akakaa.

"Nilikuwa na hofu ungejua kwa zile nguo," nikasema.

"Nguo zipi?"

"Za kwenye kamba. Zilikuwa zimekauka upande mmoja."

"Mwanangu, siku ile nilikuwa sioni hata mlango. Ungeniambia zimekauka pande tatu ningekubali."

Tukakaa. Mama alipita na beseni, akatutazama, akaendelea na safari yake.

Nikasema nitamwambia Mhesabu kwamba macho ya Shangazi hayana kosa, ili asifute karatasi mia mbili na kumi na tatu. Nilidhani atafurahi. Akatikisa kichwa.

"Unajua kwa nini nilisema ni macho?"

"Kunilinda mimi."

"Nusu. Nusu nyingine ni kwamba nilisaini bila kuona. Nikikiri hilo, Mhesabu atauliza nimefanya hivyo mara ngapi. Nitasema mara moja. Na wewe ungekuwa yeye, ungeamini? Nilipiga hesabu pale pale, chai ikiwa mkononi mwako: macho yatanigharimu mwaka mmoja. Saini itanigharimu thelathini na mmoja." Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya gauni. "Kwa hiyo usinitazame kama mtakatifu. Wewe ulidanganya kwa rula, mimi kwa kalamu."

Nilikuwa nimekuja na uongo mmoja, na sasa palikuwa na wa pili, nao haukuwa wangu kuutoa.

"Basi nisiseme?" nikauliza.

Alitazama duara kwa muda mrefu. Sijui aliona nini mle, na macho yale. Kisha akaita, "Wifi! Lete simu!"

Mimi sizungumzi na watu nisiowajua. Dukani huwa naonyesha kwa kidole. Nilirekodi mara tano. Ya kwanza nilisahau kusema shikamoo, ya pili niliishia kwenye shikamoo, ya tatu kuku alipanda juu ya ubao, ya nne nililia. Ya tano nilisema kila kitu: stoo, rula, matone ya macho, saini. Shangazi akaongeza mwishoni kwa sauti yake kavu, "Ni kweli yote. Nilisaini sioni. Ni mara moja, na sina shahidi. Fanya unavyoona."

Akabonyeza kabla hajabadili nia.

Jumatatu, 15 Aprili

Mawingu. Kimya.

Jumanne, 16 Aprili

Mawingu. Kimya. Shangazi ameniamuru nisiguse simu ya Mama tena kwa kuwa "haivunwi, inaita yenyewe". Nimemwona naye akiichungulia.

Jumatano, 17 Aprili

Amejibu jioni, tukiwa tunachambua mchele.

"Shikamoo Dada. Na wewe binti, marahaba, nimezipata zote tano."

Nilitaka kuingia chini ya ungo. Mama aliinama akacheka kimya kimya hadi mabega yakamtikisika. Ndiye aliyezituma zile nne za kwanza.

"Nimekaa na karatasi zako za miaka yote, Dada, nikazilinganisha na za wengine, siku kwa siku. Ndiyo maana nimechelewa. Nazijua kuliko ninavyowajua wanangu. Pale unapokosea, unakosea kwa uchovu, na pana alama ya kifutio. Ile ya kumi na nne haina hata alama moja ya kifutio. Hakuna mtu aliyewahi kulichora jua safi namna ile. Nafuta moja. Zilizobaki zinakaa. Ila kuanzia sasa, binti, utaandika saa uliyoanza na saa uliyomaliza, kila siku, nami nitazisoma. Na wewe Dada, nenda ukakatwe hao mapacha."

Shangazi aliendelea kuchambua. Baada ya muda akasema mchele huu una mawe mengi mwaka huu, akafuta jicho kwa kifundo cha mkono.

Jumamosi, 20 Aprili

Shangazi amekubali kufanyiwa upasuaji wa jicho la kulia mwezi ujao. Fundi amekuja kuuliza habari ya magurudumu, Shangazi akamwonyesha bati linalovuja. Ataliziba Jumatatu.

Asubuhi nilitoa karatasi ya tarehe kumi na nne kwenye jalada, nikaipiga mstari toka kona hadi kona. Nikachukua karatasi mpya, nikachora duara kwa bikari, nikaandika tarehe. Sikuweza kuandika "Mawingu". Ndani ya duara niliandika: "Jua lilitoka. Mchoraji hakuwepo." Nikasaini. Nikampelekea Shangazi.

"Nami nahakiki nini hapa?" akauliza. "Sikuwepo."

"Kwamba hatukuwepo. Ndicho kilichoandikwa, Shangazi."

Akaisogeza karibu na uso, akaisoma yote, akasaini, safari hii ndani ya mstari.

Niliirudisha kwenye jalada, kati ya kumi na tatu na kumi na tano. Saa kumi na dakika tano nikasukuma paa. Nilichora kundi moja na madoa mawili. Nilifuta mara mbili. Nilimaliza saa kumi na dakika ishirini na tatu.